Mlevi Asiyevunja TV Yake

"Ni pombe tu. Akiwa mzima hana neno." Maneno haya nimeyasikia kwenye vikao vya ndoa tangu nikiwa kijana wa kubeba viti, hapa Nakuru na kule nyumbani Vihiga. Husemwa na mama mkwe, husemwa na mchungaji, husemwa na mzee wa mtaa, na mara nyingi husemwa na mke mwenyewe huku jicho limemfura. Yakishatamkwa, kikao kimekwisha. Mume anaahidi kuacha, soda zinafunguliwa, mtu anaombwa afunge kwa maombi.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki mtaani Rhonda, hapa Nakuru. Jioni ni katibu wa Nyumba Kumi ya ploti zetu, cheo kisicho na mshahara wala posho ya chai. Mpango huu wa Nyumba Kumi ulikuja mwaka wa 2013, baada ya magaidi kushambulia jumba la maduka la Westgate kule Nairobi, ili majirani wajuane na wageni wa kutiliwa shaka waripotiwe. Magaidi hatujawaona. Tunaoitiwa ni waume. Anayekuja kugonga mlango ni mtoto, mara nyingi pekupeku, na huwa hasemi mengi: "Baba anaua mama."

Usiku mmoja ulikuwa wa jirani ambaye nitamwita Baba Kevo, ingawa mwanawe haitwi hivyo. Ploti yetu ni mistari miwili ya vyumba vya mabati vinavyotazamana, bomba katikati, choo mwisho. Ukikohoa, wa pili anakuambia pole. Nilimsikia akishuka kwenye bodaboda, ulimi mzito, wimbo mdomoni. Alibishana nauli na yule kijana, akapewa chenji, akaihesabu, akasema imepungua shilingi kumi, akaongezewa. Akamsalimia msimamizi wa ploti na kumuuliza hali ya mguu wake. Akakwepa beseni la nguo lililokuwa njiani. Akaingia kwake, akatia komeo. Ndipo tukasikia.

Tulipogonga alifungua mwenyewe. "Karibuni, wazee wangu. Hakuna shida, ni mambo ya nyumba." Alisema kama mtu anayewakaribisha wageni chai. Nyuma yake simu ya mkewe ilikuwa imepasuliwa sakafuni. Kile kitabu chake cha chama, ambamo huandikwa akiba ya kila wiki, kilikuwa kimechanwa katikati na kutiwa kwenye maji ya karai. Sufuria imepinduka. Lakini TV, ile kubwa aliyokuwa bado anailipia kwa awamu, ilikuwa palepale ukutani na kitambaa chake cha kufuma juu. Mama Kevo, mkewe, hufua nguo kwa watu kule mtaa wa Section 58. Usoni hakuwa na alama hata moja. Zote zilikuwa mgongoni na mapajani, mahali ambapo leso hufunika.

Sasa niambie, huyo alikuwa hajui analofanya?

Mtu aliyelewa kiasi cha kutojijua huanguka mtaroni. Hutapika kwenye viatu vyake, huomba radhi nguzo ya stima. Huyu alijua shilingi kumi ilipo, alijua mguu wa msimamizi unauma, alijua kitu gani ndani ya nyumba ni chake na kipi ni cha mke. Alivunja simu, ambayo ndiyo mke huitiwa kazi nayo, na akaharibu kitabu cha akiba. Kati ya baa na mlango wake alikutana na watu wengi, na wengine nina hakika walimuudhi. Hakumgusa mwenye baa aliyemdai deni. Hakumgusa polisi wa doria. Ngumi aliihifadhi hadi nyumbani.

Sheria yetu, ajabu, iliona jambo hili kabla ya vikao vyetu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 13, inasema kulewa si utetezi wa kosa, ila kama mtu alinyweshwa bila hiari yake au kileo kilimtia wazimu. Mahakama inaweza kuutazama ulevi inapopima kama mtu alikuwa na nia fulani, lakini haimwachilii kwa sababu tu alikuwa amekunywa. Kwenye ukoo mambo ni kinyume. Pale, pombe hupewa kiti, hushtakiwa, huhukumiwa, hufukuzwa nyumbani, na mshtakiwa wa kweli hukaa kando akitikisa kichwa kama shahidi.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba pombe haina hatia. Ina yake, na ni kubwa.

Tazama takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Bungoma iliongoza kaunti zote kwa asilimia 62. Kwenye utafiti wa mwaka huohuo wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, eneo la Magharibi likawa la kwanza kwa unywaji wa pombe: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65, karibu mmoja kwa kila wanne. Ukizisoma karatasi hizo mbili pamoja, ni rahisi kuhitimisha na kwenda kulala. Na kweli, tafiti hizi za afya, mwaka baada ya mwaka, hurudia jambo moja: mwanamke ambaye mumewe hulewa mara kwa mara yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupigwa kuliko yule ambaye mumewe hanywi. Lakini zinasema na jambo la pili ambalo halitangazwi redioni: wake wa wasiokunywa nao hupigwa, na si wachache.

Kileo huufanyia ubongo kazi inayoeleweka. Sehemu ya mbele, ile ya kupima matokeo ya jambo kabla ya kulitenda, hulegea kwanza. Mlevi huona kitu kimoja tu kilicho mbele yake, hakumbuki kesho. Husoma uso wa mtu vibaya: mke aliyechoka anaonekana amenuna, aliyenyamaza anaonekana anadharau. Aliyezoea kupiga kofi moja atapiga mpaka mkono uchoke, kwa sababu ile sauti ya "inatosha" haisikiki. Ndiyo maana majeraha ya usiku wa pombe huwa mabaya zaidi. Kwa lugha ya dukani kwangu: pombe hulegeza breki, haipangi safari. Aliyekuwa anaelekea kwingine atapita kwingine kwa kasi. Aliyekuwa anaelekea kwa mkewe atafika.

Halafu kuna asubuhi, ambayo watu hawaihesabu. Mnywaji wa kila siku akiamka bila kitu mwilini, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, kelele ya kijiko kwenye kikombe inamkera. Anataka shilingi hamsini za kutoa loki, yaani kipimo cha asubuhi cha kutuliza mwili. Mke anazo, lakini ni za unga. Vita vya asubuhi ya namna hii hupiganwa na mtu ambaye hajaonja hata tone, na majirani wanashangaa: leo hata hajalewa, mbona?

Shangazi yangu, dada ya baba, alipika chang'aa kwa miaka mingi karibu na kijito chini ya shamba letu Vihiga. Nimebeba maji yake nikiwa mdogo, naijua kazi hiyo. Sukari nguru huyeyushwa kwenye pipa, hutiwa kimea cha wimbi, hufunikwa na kuachwa siku kadhaa ichachuke iwe kangara. Kisha hupikwa kwenye pipa jingine, chombo kidogo kimening'inia ndani cha kukinga matone, na juu karai la maji baridi ambalo lazima libadilishwe kila yanapopata moto, ndipo mvuke ugeuke kinywaji. Matone ya kwanza huwa makali sana. Aliyamwaga kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti, akatazama rangi ya moto. Moshi ulimla macho mpaka akawa anapepesa hata kanisani. Polisi walikuja, wakamwaga, wakachukua chao, wakarudi. Kwa kazi hiyo watoto wake walisoma.

Sasa sikiliza. Mumewe hakunywa. Alikuwa mzee wa kanisa, chai tu, tena ya maziwa mengi. Na alimpiga. Alimpiga jioni za siku za soko, alipokuwa akihesabu mauzo, kwa sababu zile noti zilikuwa mkononi mwa mwanamke. Nyumba iliyokuwa na mapipa ya chang'aa nyuma ilikuwa na mume asiyejua ladha yake, na bado shangazi alikuwa na kidole kilichopinda kisichonyooka tena. Kikao kilipoitwa, wazee walihangaika. Hawakuwa na pombe ya kushtaki. Wakaishtaki kazi ya mke: unapika vitu vya shetani, utegemee amani wapi?

Ndiyo maana huwa nacheka kidogo ninaposikia kwamba dawa ni kuwakamata mama pima wote, wale wanawake wauza pombe ya kienyeji. Tuliwahi kubadilishiwa sheria. Mwaka wa 2010 ilikuja ile tuliyoibandika jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho: baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na chang'aa yenyewe ikaruhusiwa kwa masharti ya leseni na viwango. Masaa yalisaidia; wanaume waliokuwa wamelala kwenye viti vya baa saa nne asubuhi walipungua barabarani. Lakini ploti ya nyuma haina saa ya kufunga, na mpika pombe bila leseni aliendelea kuwa mama yule yule mwenye karo ya kulipa. Ukimvamia, aliyeumia kwanza ni mwanamke mwingine.

Pesa, kwa kweli, ndiyo mlango ambao ugomvi mwingi huingilia. Kule kwetu, bonasi ya majani chai ikitoka, wauguzi na machifu wanajua wiki inayofuata itakuwaje. Mwanamke amechuma chai mwaka mzima, mgongo umepinda, lakini namba ya mkulima imesajiliwa kwa jina la mume na pesa inaingia kwenye akaunti ya mume. Mume anapotea. Wengine hushuka Kisumu, wengine huishia Luanda au Chavakali tu, hawana haja ya kwenda mbali. Anarudi mfuko ukiwa mtupu. Mke anauliza swali moja, la haki kabisa: iko wapi? Jibu ni ngumi. Tunaandika: alipigwa na mume mlevi. Hatuandiki kwamba alipigwa kwa kuuliza pesa yake.

Mwaka wa 2020 ulitupa somo, kama tulikuwa tunataka kusoma. Korona ilipoingia mwezi wa Machi, baa zilifungwa, kafyu ikawekwa. Kwa hesabu ya vikao vyetu, nyumba zingetulia. Kufikia mwanzo wa Aprili, Jaji Mkuu David Maraga alikuwa tayari analalamikia ongezeko la makosa ya kingono, na akaeleza kuwa baadhi ya watuhumiwa ni watu wa karibu wa waathiriwa, hata wanaoishi nao. Simu za kuomba msaada wa ukatili wa nyumbani zilipanda mno. Pombe haikuisha, najua, ilibebwa nyumbani kwenye mifuko. Lakini kilichoongezeka zaidi kilikuwa kukosa kazi, na mlango uliofungwa kwa ndani.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote, acha niliseme. Mwanamke akiwa ndiye mnywaji, pombe ile ile hubadilika kazi. Mume akipiga akiwa amelewa, pombe ni udhuru wake. Mke akipigwa akiwa amelewa, pombe ni kosa lake. "Mwanamke gani huyu wa kukaa kwenye pombe ya busaa na wanaume? Angefanyiwa nini?" Nimelisikia hilo kutoka kwa watu wanaoheshimika. Na ukifuatilia hadithi ya wengi wao, hasa hapa Rhonda na kule Obunga, Kisumu, unakuta kipigo kilitangulia glasi. Walianza kunywa ili walale. Mtu aliyevunjwa mbavu na hana pesa ya dawa, kipimo cha chang'aa ni dawa ya bei nafuu anayoipata jirani, kwa mkopo. Wanaume wanaopigwa nao wapo. Hao hawaji kwa katibu mchana. Huja dukani wakijidai wanatafuta cheni, wanazunguka, mpaka mteja wa mwisho atoke.

Nirudi kwa Baba Kevo. Kikao kilifanyika, nikaandika kumbukumbu. Aliapa kuacha. Kwanza nitoe tahadhari moja: kumwapisha mtu wa kunywa kila siku aache leo hii, papo hapo, ni hatari. Aliyezama miaka mingi akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Apelekwe hospitali apunguziwe kwa dawa. Kiapo na Biblia havitoshi. Yeye alibahatika. Alitetemeka wiki, akapona, akaacha kweli. Ploti nzima ilimsifu. Akaanza kuvaa tai Jumapili.

Miezi ikapita, hatukusikia kelele. Kisha Mama Kevo akaja dukani na mtoto mgongoni. Kipigo kilikuwa kimepungua, alisema, siwezi kudanganya. Lakini sasa namba ya siri ya M-Pesa yake anaijua mume, na pesa ya kufua ikiingia inatolewa kabla hajafika nyumbani. Anapimiwa muda: kutoka Section 58 hadi nyumbani ni dakika kadhaa, zikizidi anaulizwa alisimama na nani. Chama alikatazwa. Dada yake haruhusiwi kuja. Na mumewe huyo huyo, enzi za ulevi, alikuwa na saa zake za kutokuwepo ambazo mke alipumua. Huyu wa sasa yuko nyumbani saa kumi na mbili jioni, mzima, macho makavu, anasikiliza. "Afadhali ile pombe," akaniambia, "nilikuwa najua saa ya kuogopa."

Hayo yote yana jina katika sheria. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka wa 2015 haiishii kwenye ngumi. Inataja dhuluma ya kiuchumi, ya kihisia, kumfuatafuata mtu, hata wakwe kuingilia ndoa. Mtu anaweza kwenda mahakamani, bila wakili, akaomba amri ya ulinzi, na mahakama inaweza hata kumpa aliyedhulumiwa haki ya kubaki ndani ya nyumba na kumweka mwingine nje. Kuvunja amri hiyo ni kosa: faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Nilipoisomea kamati yetu, mzee mmoja aliuliza kama sheria hiyo ni ya hapa ama ya Uingereza.

Siku hizi, kikao kikiniangukia, siachi mambo mawili yafungwe kwenye furushi moja. La pombe lina njia yake: hospitali, ushauri, kituo cha marekebisho kwa anayeweza kulipa, na simu ya NACADA, 1192, ambayo ni bure. La kupiga lina njia yake, nalo ninaliuliza peke yake. Alivunja vitu vya nani? Aligonga wapi mwilini? Akiwa hajanywa, nani hushika pesa, nani anaruhusiwa kumtembelea mke? Mume akijibu "lakini nilikuwa nimelewa", ninamwandikia, kisha ninauliza swali lile lile tena. Wazee wengine wameacha kunialika. Wananiona mtu wa kuvunja nyumba za watu, na mke wangu ananiambia niwe mwangalifu ninapofunga duka usiku.

Mama Kevo anaendelea na kesi yake na mimi nitakuwa shahidi, kwa hiyo hapo nanyamaza. Kwa wale walio kwenye hali kama yake na wanasoma haya kwa simu ya kuazima: hospitali kwanza, hata kama jeraha unaliona dogo, kwa sababu daktari anachoandika leo hakuna atakayekibadilisha kesho. Kituoni omba dawati la jinsia, hakikisha umepewa namba ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, na uchukue fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha yako. Fomu hiyo haiuzwi. Kama kuna kulazimishwa kingono, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita ili upate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na usioge kabla ya kuonwa. Kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya benki viweke kwa mtu ambaye mumeo hamdhanii. Kwa dada ndiko atakakotafuta kwanza. Walio Kisumu, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi huko na hawatozi ada ya uwakili kwa asiye na uwezo. Mtoto akiwa ndiye anayeumizwa, au ndiye anayetaka kuongea, namba ni 116. Ya ukatili wa nyumbani ni 1195, inapokelewa usiku na mchana, na hata simu isiyo na salio inaipiga. Ukimaliza kuongea, ifute kwenye orodha ya simu zilizopigwa.